Kijiko, kifungo na penseli: ijue kazi ya tiba kwa vitendo kwa watoto na namna ya kuisomea

Mtoto wa miaka minne anashika kijiko, anakielekeza mdomoni, uji unamwagikia kifuani. Anajaribu tena, unamwagika tena. Mara ya tano kijiko kinafika. Mama yake aliyekaa pembeni anageuka ukutani kufuta machozi.

Kwako wewe ni kijiko tu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hapo kuna miezi ya kazi. Na nyuma yake kuna mtu ambaye wengi wetu hatujui hata kazi yake inaitwaje: mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

Tiba kwa vitendo ni nini?

Watu wengi huichanganya na fiziotherapia. Ni ndugu, ila siyo kitu kimoja. Fiziotherapia hushughulika zaidi na misuli, viungo na mwendo. Tiba kwa vitendo inaanza na swali lingine: huyu mtu kuna jambo gani la kila siku linamshinda?

Kwa mtu mzima aliyepata kiharusi, jibu linaweza kuwa kupika au kurudi kazini. Kwa mtoto, kazi yake ni kula, kuvaa, kwenda chooni, kucheza na kushika penseli. Hapo ndo mtaalamu anapoingia.

Anafanya nini hasa?

Anaanza na namna mtoto anavyokaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa akiwa amelala chali, chakula kinaweza kupita njia ya hewa, akapaliwa au akapata nimonia. Hilo linaua. Kumkalisha wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, na kumpa vijiko vidogo bila haraka, kunaweza kuokoa maisha kabla hata ya dawa yoyote.

Kama hakuna kiti cha kumfaa, kinatengenezwa. Ipo mbinu iliyoanzia Zimbabwe ya kutumia maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Kikikauka vizuri, kinakuwa kigumu kama mbao, na kinatengenezwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe.

Mpini wa kijiko mwembamba? Unazungushiwa kitambaa au sponji unenepe, mkono dhaifu uweze kuushika.

Shati je? Mama anafunga vifungo vyote, anabakiza kimoja cha mwisho mtoto amalizie. Akikiweza, anabakiziwa viwili. Yaani kila siku mtoto anamaliza kazi akiwa mshindi, badala ya kuanza na kushindwa.

Kuna pia watoto wenye usonji. Mmoja anaziba masikio bodaboda ikipita, mwingine analia akivalishwa sare ya shule kwa sababu lebo ya shingoni inamkera kupita kiasi. Mtu wa nje ataona utukutu au malezi mabovu. Mtaalamu anatafuta kinachomsumbua mtoto, kisha anapunguza au anamzoesha taratibu.

Na karibu vyote hivi vinafanyika kwa michezo. Ukipita dirishani utadhani wanacheza tu.

Ugumu wake

Tusidanganyane. Mtindio wa ubongo hauponi, kwa hiyo hii siyo kazi ya miujiza. Kuna mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka saba, kapanda daladala mbili, na wiki ijayo nauli hana. Kuna familia iliyoambiwa mtoto karogwa, ikamficha ndani kwa miaka. Akifika kliniki, mikono imeshakakamaa.

Na kliniki ni muda mfupi tu, labda nusu saa. Siku sita zilizobaki mtoto yuko nyumbani. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hamfundishi mtoto peke yake, anamfundisha na mama, baba, bibi na dada wa kazi. Asipofanya hivyo, anajaza maji kwenye pakacha.

Sasa kwa nini waliomo huipenda?

Kwa sababu matokeo unayaona kwa macho. Uliyempokea hawezi kukaa, leo anakaa na kula na wenzake kwenye sinia moja. Aliyekataliwa shule kwa kuwa hajui kwenda chooni, leo ana daftari lake. Kazi nyingi za afya humwona mgonjwa mara moja na kumsahau. Huku unamjua mtoto kwa miaka, na nyumba nzima inakujua kwa jina.

Unasomea wapi?

Kwa Tanzania, mahali panapojulikana zaidi ni KCMC, Moshi. Kenya, chuo cha KMTC kinafundisha fani hii. Uganda, mafunzo yapo Mulago, Kampala.

Masomo ya sayansi ndiyo mlango, hasa Baiolojia. Vigezo na ada hubadilika, hivyo ulizia chuoni kabla ya kuomba.

Jiandae pia kwa hili: huanzi na watoto moja kwa moja. Unasoma mwili, ubongo, saikolojia na makuzi, kisha unafanya mafunzo kwa vitendo kwa wagonjwa wa kila aina, wakiwemo wa afya ya akili na walioungua moto. Kujikita kwa watoto kunakuja baadaye, kwa kuchagua kituo unachofanyia kazi na kuongeza masomo.

Kama huna subira, fikiria mara mbili. Kama unaweza kufurahia kifungo kimoja kilichofungwa baada ya wiki nne, huenda hapa ndo kwako.

Na wewe mzazi

Usisubiri mtoto "atajirekebisha mwenyewe". Kama anafikisha miezi tisa hawezi kukaa bila kushikiliwa, anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, au anapaliwa kila akila, mpeleke hospitali aonwe mapema. Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza haraka, na miaka hiyo ya mwanzo hairudi.

Je, mtaani kwako yupo mtoto anayefichwa ndani? Mwambie mama yake kwamba wapo watu wanaosomea hasa kumsaidia mtoto kama wake.