Mbona Meli Ina Antena Mbili?

Haya wanangu, sogeeni. Siku mkienda Mama Ngina, hapa Mombasa, kula mihogo na viazi karai, ingojeni meli inayoingia Kilindini. Hupita karibu hata mkaweza kusoma jina lake. Lakini safari hii liacheni jina. Tazameni juu kabisa, kwenye mlingoti ulio juu ya chumba cha usukani. Mtaona pau mbili zikizunguka, mmoja mfupi, wa pili karibu mara mbili yake. Hizo ndizo antena za rada.

Rada hufanya kazi kwa ukelele na mwangwi. Piga ukelele mbele ya ukuta wa Ngome Yesu, sauti itakurudia. Rada hupiga ukelele wa mawimbi ya redio, yaendayo kilomita 300,000 kwa sekunde. Igawe sekunde moja mara milioni: mwangwi ukirudi baada ya kipande kimoja tu, basi kitu kiko mita 150 mbele, na doa lake hutokea kwenye kioo cha rada.

Sasa mbona mbili? Kwa sababu ya mvua. Upau mfupi, wa mita 2 hivi, hutumia mawimbi ya sentimita 3. Huona hata vitu vidogo, ila masika ikimwaga, matone nayo hurudisha mwangwi na kioo kikachafuka. Ule mrefu, wa mita 3.7 hivi, hutumia mawimbi ya sentimita 10, yanayopenya mvua vizuri zaidi.

Wimbi likirefuka, antena nayo sharti irefuke, la sivyo mwale wa mawimbi hutanuka. Kwa mfano, mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika Kusini walisimika rada yao Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuvizia ndege za Waitaliano. Mawimbi yake yalizidi mita 3. Kupata mwale mwembamba kama wa meli za leo kungehitaji antena ya zaidi ya mita 100. Hebu ipandisheni hiyo mlingotini!

Boti ndogo hazina nafasi ya pau. Hubeba kifuniko cheupe cha duara, antena ya sentimita 45 hivi ikizunguka ndani, kamba zisiinase. Lakini mwale wake una upana wa digrii 5 hivi. Kilomita moja mbele umeshapanuka hadi mita 87. Ngalawa mbili zilizoachana mita 50 huonekana doa moja. Upau mfupi wa meli, wenye mwale wa digrii 1.2, ungezitenganisha.

Tena kuna jahazi la mbao, kama yale yanayotia nanga Bandari ya Zamani. Mbao hurudisha mwangwi hafifu mno. Dawa yake ni rahisi: mabati yaliyopachikwa kwa pembe mraba, yakatundikwa juu mlingotini. Wimbi likigonga pembe hizo hurudi kule kule lilikotoka. Jahazi lisilo nayo, usiku wa mvua, huenda kioo kisilionyeshe kabisa, na ndiyo maana sheria ya bahari humtaka nahodha, hata mwenye rada mbili, aweke mtu wa kutazama kwa macho na kutega masikio.