Vifaa vya Kambi kwa Gari Dogo la Kulala

Gari dogo la kulala, liwe Toyota HiAce iliyong'olewa viti au Noah iliyokunjwa viti vya nyuma, hulaza watu wawili na kubakiza pa kuweka mguu tu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kila kifaa ni hili: usiku kitakaa wapi? Meza nzuri ya kukunja ambayo kila jioni lazima itolewe nje ndipo watu wapate kulala, na mvua ikinyesha iloe, ni hasara hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Jibu la swali hilo mara nyingi liko uvunguni. Kabla ya kwenda dukani hupimwa kimo kutoka sakafu hadi chini ya chaga, kisha upana wa mlango wa nyuma, maana kuna vitu vinavyoenea uvunguni lakini havipiti mlangoni. Masanduku ya bati ya wanafunzi, kama yale yanayogongwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi, yanafaa sana kwa kazi hii, na fundi hukubali kuyapunguza kimo kwa oda. Godoro la sponji nzito la inchi 4 latosha. La inchi 6 hupunguza nafasi ya kuketi bila kugonga kichwa. Fundi wa makochi akilikata vipande vitatu na kukishonea kila kimoja foronya, mchana huwa viti.

Jikoni Mwafrika Mashariki ana bahati asiyoijua. Maduka ya vifaa vya kambi Ulaya huuza kwa bei kubwa seti za vyungu visivyo na mikono, vinavyoingiana, na vinavyoshikwa kwa kishikio cha kubandua. Hizo ni sufuria za kawaida, zinazopatikana soko lolote. Seti ya sufuria tatu, kisu, ubao na kikaango kidogo vinatosha. Kitu cha kuongeza ni sufuria ya presha. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na maharage katika sufuria ya wazi yatakula gesi nusu siku.

Jiko la mikebe ya gesi ni jembamba na hubebeka, lakini mikebe hiyo, ukihesabu kwa kilo, ni ghali kuliko mtungi. Tena mingi hujazwa butani, ambayo baridi ikikaribia nyuzi sifuri hukataa kugeuka mvuke. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ni rahisi kuujaza karibu kila mji, ila ukitwishwa sufuria kubwa huyumba, hivyo hutumiwa nje, mahali tambarare.

Pesa nyingi hupotea kwenye ubaridi. Yako masanduku ya bei nafuu yanayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari na kuitwa friji. Hayana kompresa, hupunguza joto kwa nyuzi 15 hadi 20 tu kutoka hali ya hewa ya nje. Mombasa ikiwa na nyuzi 33, nyama ndani yake inakaa kwenye 13 au zaidi, na hapo huoza. Juu ya hayo, sanduku la wati 50 hula umeme bila kupumzika. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600, kwa hiyo itaishiwa baada ya saa 12. Friji ya kompresa hupumzika ikishapoa, lakini bei yake na ya paneli ya sola ni mzigo kwa msafiri wa wikiendi. Huyo anatosheka na kasha la barafu lenye chupa za maji yaliyogandishwa, ambayo yakiyeyuka hunywewa.

Maji yenyewe ni mazito: lita 20 ni kilo 20. Madumu mawili ya lita 10 hupangika kuliko moja kubwa. Kwa mbu, kipande cha chandarua kilichoshonewa sumaku ndogo kwenye pindo hunata kwenye bodi ya gari dirisha likiwa wazi. Mifuko ya kulalia ya mitumba hupatikana kwenye masoko ya Toi na Karume. Zipu zake zikaguliwe kwanza.

Gesi ikivuja hutuama sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hivyo mtungi ufungwe kabla ya kulala na tundu la kupitisha hewa liwe chini. Jiko la mkaa, hata likiwa limebaki majivu ya moto tu, lisiingizwe garini: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua waliolala.