Pokémon Imehamia Tao

Wasee wa kitambo wako na lalama moja kuhusu Pokémon Legends: Z-A: ati haina safari. Gemu yote inaishia Lumiose City, mji umechorwa ukifanana na Paris hadi mnara wake wa katikati. Hakuna pango la kupotelea, hakuna bahari ya kuvuka, hakuna mathe kijijini wa kukuaga mlangoni. Ni tao mwanzo mwisho. Mimi nimekuwa kwa hii maneno tangu enzi za FireRed kwa simu, na nawashow hivi: tao ndiyo imeokoa hii gemu.

Cheki rada ilianzia wapi. Satoshi Tajiri, buda aliyebuni Pokémon, alilelewa Machida, pembeni ya Tokyo, na kazi yake akiwa mtoi ilikuwa kushika wadudu. Vidimbwi na vichaka alivyokuwa anawindia vikaanza kumezwa na majumba. Gemu za kwanza zikitoka Japani mwaka wa 1996, alikuwa anawapa watoi wa mjini ile raha simiti ilikuwa imewapora. Tangu hapo, karibu kila Pokémon kubwa imekuwa ikikutoa keja ikupeleke kwa nyasi. Z-A, iliyotoka Oktoba 2025, imepindua meza: nyasi imeingia tao. Kuna kampuni inaitwa Quasartico inatenga vipande vya mji, inaviita Wild Zone, na humo ndani Pokémon wa mwituni wanajipa shughuli. Kadiri stori inasonga, zoni zinazidi kuongezeka, na si kila mwenyeji anabambika. Kama umewahi kuamka upate kiwanja cha mtaa kimezungushiwa mabati, hiyo sehemu ya stori hauhitaji kuelezewa.

Na mji mmoja unakulazimisha uusome. Unajua ni choroo gani ina Pokémon wa kukuvamia, paa gani unapandia, kona gani Pokémon wa aina ya Alpha mwenye macho mekundu anachill akingoja mtu wa kuraruliwa. Kwa gemu za zamani ulikuwa unapita kijiji, unaosha kiongozi wa jimu, unasahau kijiji. Hapa lazima uwe mwenyeji.

Halafu kuna vita, na hapo ndipo gemu imewaka kabisa. Kitambo ilikuwa zamu kwa zamu: mimi napiga, wewe unapiga, katikati unaweza enda kuchemsha chai urudi. Sasa mambo ni laivu. Kila pigo lina muda wake wa kupoa kabla ulirudie. Mengine yanataka Pokémon wako aende karibu, mengine yanafika kutoka mbali, kwa hivyo mahali umesimama ni nusu ya vita. Hata Protect, pigo la kujikinga ambalo tulikuwanga tunabonyeza bila kufikiria, sasa inataka uiachie kwa sekunde yake, la sivyo umekula moto. Na mnyama wa mwituni hachagui: anaweza kukudunga wewe treina mwenyewe hadi uzime.

Usiku ukiingia, kuna Z-A Royale. Sehemu za mji zinageuka uwanja, matreina wanazurura humo, na ukimnyemelea mtu kwa nyuma unampiga kabla hajajua form. Unakusanya pointi, unapata tiketi, unapigana mechi ya kupanda ngazi. Unaanza Z, chini kabisa, unalenga A. Njiani unapatana na Corbeau, bosi wa Rust Syndicate, genge la mashailoki waliovaa luku kali. Pokémon imekuwa na wezi wa kuchekesha tangu Team Rocket, lakini mkopo wenye riba ya kunyonga ni uhalifu wa mtaa kabisa.

Mega Evolution, ile Pokémon anabadilika kwa muda vitani akawa na nguvu zaidi, nayo imerudi. Ililetwa na gemu za X na Y mwaka wa 2013, ikasukumwa kando, na Sword na Shield zikija 2019 haikuwa hata kwa menyu. Sasa ndiyo moyo wa stori: Pokémon wanashikwa na Mega bila treina, wanachizi, na wewe unakimbia kwa miguu ukikwepa mashambulizi huku timu yako inarudisha. Kuna Mega mpya pia. Dragonite amepata yake, na Victreebel, ambaye hakuna mtu alikuwa anamwombea, naye amepata.

Sasa tuseme ukweli wote. Ukuta wa Lumiose ni aibu. Balkoni na madirisha mengi ni picha tu, zimebandikwa bapa kama stika. Wahusika wanafungua midomo kwa sini kubwa na hakuna sauti inatoka, mwaka wa 2025, kwa jina lenye doo kama hili. Abiliti za Pokémon zimetolewa, na kama wewe ni wale wa kupanga timu na kalamu, utazimiss.

Ngori kubwa lakini ni mlango wa kukuzuia. Sisi wa emuleta, app ya kuchezea gemu za konsoli kwa simu, tulijua mlango kitambo. Pokémon kama Haunter hageuki Gengar mpaka umtume kwa msee mwingine. Kadabra, Machoke, Graveler, wote hivyo hivyo. Emuleta ya bure kwa simu haikuwa na kebo ya kuunganisha na ya mwenzako, kwa hivyo mbogi nzima ilimaliza gemu na Haunter. Ukiona mtu na Gengar, ujue ametumia chiti. Legends: Arceus ya 2022 ilitupunguzia hiyo stress: ilileta kifaa unampa Pokémon, anabadilika bila kutumwa popote.

Z-A imejenga mlango mwingine. Jiwe la Mega la Greninja, kipenzi cha mafani wengi, liliwekwa kama zawadi ya mechi za Ranked onlaini, na kuingia huko kunataka malipo ya Nintendo Switch Online. Juu ya hiyo, nyongeza ya Mega Dimension ilitangazwa kabla gemu yenyewe haijafika dukani: dola 29.99, juu ya dola 59.99 za gemu kwa Switch ya kwanza. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya thao kumi na moja za Kenya, na bado haujanunua konsoli. Kebo ya zamani angalau ilikuwa inakudai beshte. Hii inakudai kadi ya benki.

Kwa hivyo nunueni hivi. Wasee wawili watatu wenye Switch wachange, wachukue kadi ya dukani, si ya kudownload, kwa sababu kadi inapita mkono hadi mkono na sevu ya kila mtu inabaki kwa konsoli yake. Mmoja acheze hadi A, apitishe. Mega Dimension ingoje. Ranked achieni wenye waifai ya kutupa. Mkimaliza wote, kaeni chini mbishane nani alichagua starta mbaya kati ya Chikorita, Tepig na Totodile. Jibu ni Tepig, na sitaki maswali.