Mbegu stahimilivu haimfukuzi mdudu

KATIKA maduka ya Umoja, Kayole na Buruburu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, mchele wa Mwea huulizwa kwa jina lake: pishori. Mnunuzi hunusa, hutazama urefu wa punje, kisha hubishania bei. Ni nadra kumsikia akiuliza mpunga huponaje maradhi, ingawa mavuno yanapopungua, yeye ndiye hulipa.

Mojawapo ya maradhi hayo ni kimyanga, ugonjwa wa virusi ulioripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 huko Otonglo, karibu na Kisumu, katika mpunga wa aina ya Sindano. Majani huingia michirizi ya manjano, mmea hudumaa na mashuke hutoka matupu.

Mchukuzi wake mkuu ni mbawakawa. Anapotafuna jani gonjwa, utomvu wenye virusi hubaki mdomoni mwake. Akihamia jani lenye afya, huvipandikiza kwenye jeraha. Mundu, mikono ya wapanda miche na ng'ombe wanaoingia majarubani hufanya kazi iyo hiyo.

Hapa ndipo neno "kustahimili" linapoweza kupotosha. Mpunga wa Gigante, wenye asili ya Msumbiji, una protini iliyobadilika kidogo kiasi kwamba virusi hushindwa kuitumia kuzaana, kama wanasayansi walivyobainisha mwaka 2006. Mbawakawa hana habari na hayo, huendelea kula. Virusi navyo huendelea kuletwa, na miongoni mwavyo hutokea vilivyojibadilisha vikaimudu protini hiyo. Virusi vya namna hiyo vimekwisha kupatikana.

Barani Asia, aina nyingi za mpunga zilizosambazwa kukabili ugonjwa wa tungro zilimlenga mdudu mwenyewe, kijidudu cha kijani kinachofyonza utomvu. Kikitua kwenye mmea wa aina hiyo hakitulii: hudunga, hakiridhiki, hudunga pengine, kisha huhama. Katika kudungadunga huko huweza kuacha virusi. Isitoshe, baada ya misimu kadhaa, vizazi vipya vya wadudu viliizoea mimea iliyokusudiwa kuwafukuza.

Ndiyo maana mkulima mwenye mbegu bora bado hushauriwa kung'oa miche migonjwa, kusafisha nyasi za kingoni na kufukia mashina yanayochipua baada ya mavuno, kwa kuwa humo ndimo virusi husubiri msimu ujao. Mbegu, ambayo wengi huishuku kwanza, si njia ya maambukizi ya kimyanga.