Akhwari, Shahanga na deni la jezi ya taifa

TAIFA Stars ikiwa nyuma kwa mabao mawili Kwa Mkapa, dakika ya 80 tu utaona watu wameanza kuteremka ngazi. Kila mtu anawahi daladala. "Leo hapa hakuna kitu," wanaambiana, na mpira bado unachezwa.

Oktoba 20, 1968, mashabiki wa Mexico City nao waliondoka hivyo hivyo. Marathoni ya Olimpiki ilishapata wenyewe. Mamo Wolde wa Ethiopia alishabeba dhahabu yake kwa saa 2:20:26, giza lilishaingia na majukwaani walibaki watu elfu chache tu.

Mara akaingia jamaa mmoja anachechemea, mguu umefungwa bandeji, kifuani ana jina la Tanzania. Alikuwa John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu.

Mbulu ni nchi ya milima na baridi, lakini Mexico City ipo juu zaidi, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Huko misuli ilimbana. Kisha katika kugombea nafasi akaanguka, akaumia goti na bega. Wakimbiaji 75 walianza, 18 hawakufika. Akhwari angekuwa wa 19 na hakuna ambaye angemlaumu.

Akafika. Saa 3:25:27, wa mwisho kati ya 57, zaidi ya saa nzima nyuma ya Wolde. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma Mexico kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Nchi yenyewe ilikuwa changa. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa haujatimiza miaka saba, Muungano ulikuwa na minne. Wengi waliobaki pale uwanjani huenda ndiyo kwanza walikuwa wanalisoma jina hilo. Lakini yeye, mbali na kwao, aliliona kama mzigo wa thamani aliokabidhiwa, na mzigo wa watu huwezi kuutua njiani.

NA YULE WA HANANG
Ukitoka Mbulu kwenda kusini unaukuta Mlima Hanang, na chini yake mji wa Katesh. Huko ndiko alikotoka Gidamis Shahanga. Mwaka 1978, akiwa na miaka 20, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Canada.

Baadaye akaenda kuishi na kusoma Marekani, Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, ambako alikuwapo pia Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980. El Paso ni jangwa lililopakana na Mexico. Huko kijana wa Katesh alivaa rangi ya chungwa ya chuo, akawakimbilia waliomsomesha. Hiyo ni haki yao, hakuna ubaya.

Lakini ilipofika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, Australia, mwaka 1982, alivaa ya kwao. Akashinda dhahabu ya mita 10,000, na wimbo uliopigwa ulikuwa wa Tanzania.

Aliyewahi kuishi ughaibuni analijua hili. Ukiwa nyumbani, nchi unailalamikia: barabara vumbi, umeme umekatika, viongozi wa michezo wanazozana. Ukiwa nje, mtu akikuuliza unatoka wapi, unajikuta unajibu kifua mbele. Ndipo unapogundua kuna kitu ulipewa bure, nawe hukuwahi kushukuru.

Wapenda soka walilionja Februari 1, 2020, Mbwana Samatta alipoifungia Aston Villa katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu England, dhidi ya Bournemouth. Villa ilifungwa 2-1. Huku Bongo nani alijali? Bao lilikuwa letu.

SHUKRANI NI PANDE MBILI
Akhwari hakubaki nje. Mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, na baada ya mbio akarudi Mbulu kulima. Nishani ya taifa aliipata mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Yeye alilipa deni lake usiku ule ule, nchi ikachelewa kidogo.

Mbegu haikufa. Gabriel Geay, naye wa Mbulu, alikimbia Valencia kwa saa 2:03:00 Desemba 2022, rekodi ya taifa. Aprili 2023 akawa wa pili Boston, huku Eliud Kipchoge akimaliza wa sita.

Kwa shabiki, deni ni dogo zaidi. Stars ikiwa nyuma kwa mawili na saa ikionyesha dakika ya 80, kaa. Daladala zitakuwapo.