Mlango wa Shule Haufunguliwi kwa Cheo

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la tisa yanapotangazwa, kambi zetu za Bujumbura hupata shughuli isiyoandikwa katika ratiba ya kazi. Mtoto amefaulu, je, ataendelea wapi? Jina linalotajwa mara nyingi ni la shule ya Kikatoliki: Saint-Esprit ya mapadri Wajesuiti, ama Clarté Notre-Dame ya Vugizo.

Ndugu zetu waliosomea ukimbizini Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu na Mishamo, hukijua kipindi hiki kwa jina la kidato cha tano na cha sita. Kwetu, tangu mageuzi ya sheria ya elimu ya mwaka 2013, mtoto husoma miaka tisa ya elimu ya msingi, kisha miaka mitatu inayoishia kwenye Mtihani wa Serikali. Wazee waliosoma kwa Wabelgiji watatabasamu, maana kwao darasa la sita lilikuwa la kuingilia, wakahesabu kurudi nyuma mpaka la kwanza, lililoitwa retorika.

Saint-Esprit ilianzishwa mwaka 1952, mji ukiitwa Usumbura. Wakati ule mtoto wa Mzungu na mtoto wa Mwafrika hawakuketi dawati moja. Chuo hiki kiliwaweka pamoja, Warundi, Wanyarwanda na wageni. Majengo yake ya kwanza, juu ya kilima cha Kiriri, leo yanatumiwa na Chuo Kikuu cha Burundi, na Wajesuiti wanaendesha shule yenye jina lile lile mahali pengine mjini.

Askari ana sababu yake ya kuikumbuka. Mwaka 1960 mwanafunzi mmoja wa hapo, Michel Micombero, aliacha masomo katikati, akaingia jeshini na kupelekwa Ubelgiji kusomea uofisa. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 26, alitwaa madaraka ya nchi, na chini ya utawala wake yakatokea mauaji ya 1972. Njia ile ya mkato iliwezekana kwa kuwa jeshi la Afrika lilikuwa halina maofisa wa kwake. Leo haipo. Anayetaka kuingia ISCAM, chuo cha maofisa wetu, sharti kwanza awe amemaliza sekondari na kufaulu Mtihani wa Serikali.

Basi mtoto huingiaje? Jambo la kwanza ni kuuliza shule ni ya aina gani. Ziko shule za Kanisa zilizo chini ya mkataba na Serikali: Kanisa linaongoza, Serikali inalipa walimu, na Wizara ndiyo inayowapanga wanafunzi kwa kufuata alama, chaguo la mwanafunzi na nafasi zilizopo. Ziko pia za binafsi, ambazo mzazi hupeleka maombi moja kwa moja, na ada yake ni nzito kwa mshahara wa koplo. Uelewano huu wa Kanisa na Serikali haukupatikana kwa urahisi. Mwaka 1986 utawala wa Bagaza ulizitaifisha seminari ndogo, na uhusiano ukatengemaa tu baada ya Buyoya kushika hatamu mwaka 1987.

Kisha kuna kuchagua mchepuo: sayansi, lugha, uchumi au sayansi za jamii. Hapa ndipo akina baba wenye sare wanapokosea sana. Afisa amezoea kuamuru, naye humwandikia mwanawe sayansi kwa sababu rafiki yake wa kikosi kafanya hivyo. Mtoto mwenye alama nzuri za Kifaransa na Kiswahili atakaa miaka mitatu akipigana na fizikia, na hatimaye Mtihani wa Serikali humwangusha. Keti naye, mtazame ripoti zake za darasa la saba, la nane na la tisa, umsikilize.

Lililo baya zaidi ni kikaratasi. Meja anamwandikia mkuu wa shule, kanali anapiga simu. Nafasi ikipatikana kwa njia hiyo, imetoka kwa mtoto mwingine, pengine wa polisi wa zamu ya usiku asiyejuana na mtu yeyote. Nasema wazi: askari analinda haki ya raia, na haki ya mtoto yule ni mojawapo.

Kwa aliye mbali, kama walivyokuwa wenzetu waliotumwa Somalia vikosi vyetu vilipoanza kwenda huko mwaka 2007, shule ya bweni ni faraja. Lakini sanduku, godoro na ndoo havinunuliwi kwa baraka. Weka akiba mapema, na umwachie mama wa mtoto, ama shangazi au mjomba anayebaki, cheti cha kuzaliwa, ripoti zote na matokeo ya mtihani, maana siku ya kuandikishwa karani wa shule ataviomba mezani, na simu kutoka mbali haitavileta.