Kwa Nini Matangazo ya Michezo Hufungwa Katika Simu, na Yafaa Tufanyeje

Kila muhula, mara turudipo kutoka likizo, mabweni yetu hujaa manung'uniko ya namna moja. Huyu asema alikuwa akitazama mpira katika simu ya kaka yake, na kipindi cha pili picha ikatoweka. Yule asema hakuona hata dakika moja, maana kioo kilimwandikia kuwa matangazo hayo hayapatikani mahali alipo. Wa tatu akata shauri kuwa simu za siku hizi ni mbovu. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, na kosa hilo lilimgharimu Mjomba wangu fedha. Ndiyo sababu nimeona vema kuyaandika haya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 17 Aprili, 2023. Nilikuwa Kidato cha Kwanza, nami nilikuwa nyumbani Dongobesh kwa ruhusa. Jioni ile zilikimbiwa mbio za marathoni za Boston, Marekani. Miongoni mwa wakimbiaji alikuwamo Gabriel Geay, kijana wa mkoa wetu wa Manyara, na alikuwamo Eliud Kipchoge wa Kenya, ambaye wakati huo ndiye aliyeshika rekodi ya dunia. Kwao ilikuwa asubuhi. Kwetu ilikuwa yapata saa kumi na nusu jioni, saa ambayo watu wamekwisha rudi kutoka mashambani.

Kwa watu wa Mbulu mbio si jambo dogo. John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico tarehe 20 Oktoba, 1968, na bado akaimaliza mbio akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, ni mtu wa huku kwetu. Siku ile hapana mtu wa Mbulu aliyemwona katika televisheni, kwa kuwa televisheni yenyewe haikuwako nchini. Zanzibar ilianza kuonyesha mwaka 1973, na Bara tulingoja mpaka 1994. Basi jioni ile ya Boston wazee walijikusanya dukani kwa Mjomba kwa furaha, wakijua kwamba wao wana bahati kuliko wazee wao.

Mjomba alinipa simu yake mbele ya watu wote, akasema, "Haya, mpwa wangu, wewe ndiye msomi. Tuonyeshe huyo kijana anavyokimbia."

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Ukaniandikia kwamba matangazo hayapatikani mahali nilipo. Nikafungua wa pili. Huo ulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, ukataka namba ya simu, kisha ukataka tarakimu zilizokuja kwa ujumbe. Nikaziandika zote. Mbio hazikuonekana, bali salio la Mjomba, shilingi 3,000, lilikwisha pale pale. Tulipokuwa tungali tukihangaika, ndugu mmoja aliyeko Arusha alileta habari kuwa mbio zimekwisha. Evans Chebet wa Kenya ameshinda kwa saa 2:05:54, na Geay ni wa pili kwa saa 2:06:04. Kijana wetu alikuwa amemshinda Kipchoge, nasi tulikuwa tumetazama kitufe cha kijani.

Niliona haya kubwa, nikawaambia wazee kwamba simu ni mbovu. Mjomba aliniamini. Siku ya pili akaweka vocha nyingine, nayo ikaliwa. Akaenda Mbulu mjini kwa fundi, akalipa shilingi 10,000 kwa kufunguliwa simu isiyokuwa na ugonjwa wowote. Niliposikia hayo ndipo nilipoanza kuuliza watu wajuao: yule fundi mwenyewe, mwalimu wetu wa Fizikia, na kijana mmoja mwenye kibanda umiza. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

Kwanza yatupasa kujua picha husafirije. Picha itokayo kwenye kamera hukatwa na mashine katika vipande vidogo vya sekunde chache chache. Vipande hivyo hupelekwa kwenye kompyuta kubwa zilizowekwa katika miji mingi ya dunia. Simu yako huomba kipande kimoja, ikakionyesha huku ikiomba kingine, mfano wa mtoto anayetafuna muwa huku mkono umenyoshwa kuomba pingili ya pili. Lakini kila ombi hilo huandamana na namba ya anwani, ili kompyuta ile ijue ijibu wapi. Namba hizi hazigawiwi ovyo. Kwa Afrika zinagawiwa na shirika liitwalo AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, nayo makampuni ya simu huzipata huko. Kwa hiyo kompyuta iliyoko ng'ambo ikisoma namba yako hujua mara moja kwamba unaomba kutoka Tanzania, ingawa haikujui jina. Baada ya hapo, kuna kuta nne ziwezazo kukuzuia, na kila ukuta una alama yake.

Ukuta wa kwanza ni mkataba. Alama yake ni yale maneno kwamba matangazo hayapatikani mahali ulipo. Mwenye mashindano huuza haki ya kuyaonyesha, tena huiuza nchi kwa nchi. Aliyenunua haki za Marekani hana ruhusa ya kumwonyesha mtu wa Dongobesh, hata mtu huyo akiwa na fedha mkononi. Wengi hudhani huu ni uonevu juu ya Waafrika. Si hivyo, maana ukuta huu huwazuia Wazungu pia. Huko Uingereza mechi za mpira zichezwazo Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zao haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja nchini mwao wenyewe. Desturi hiyo ni ya tangu miaka ya 1960, na nia yake ni watu waende viwanjani kutazama timu zao ndogo. Hivyo mtu wa Katesh mwenye king'amuzi huitazama mechi ambayo jirani wa uwanja ule haruhusiwi kuitazama sebuleni kwake!

Tena tusisahau kwamba fedha za mikataba hii ndizo zinazoulisha mchezo. Mwaka 2021 Azam Media ilifanya mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania kuonyesha Ligi Kuu yetu, kwa zaidi ya shilingi bilioni 225. Lau kila mtu angeonyesha apendavyo, hapana ambaye angetoa fedha hizo, na klabu ndogo za mikoani zingeumia kwanza.

Ukuta wa pili ni kukamatwa kwa wezi. Alama yake ni picha kutoweka ghafula katikati ya mchezo, au ukurasa wote kupotea, au kuandikwa kwamba umeondolewa kwa sababu ya hakimiliki. Hapo ulikuwa ukitazama picha ya wizi. Wenye haki wana watu na mashine za kuzitafuta kurasa hizo wakati mchezo unapoendelea, na wakizipata huomba zifungwe. Hapa Tanzania haki za watangazaji zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kurasa za wizi hazikosi hila nyingine, kwa maana asiyekutoza kwa mlango wa mbele hukutoza kwa mlango wa nyuma. Kile kitufe cha kijani kilikuwa hila ya namna hiyo: tarakimu nilizoandika zilikuwa idhini ya kumkata Mjomba salio kila siku.

Ukuta wa tatu ni mtandao wenyewe. Alama yake ni kile kiduara kinachozunguka bila kukoma. Hapo hujazuiliwa na mtu, ila vipande vya picha vinachelewa kufika. Sisi wa wilaya za Mbulu na Hanang tunaufahamu ukuta huu kuliko wote, kwa sababu ya nchi yetu. Mawimbi ya simu hayapendi vilima. Mlima Hanang una kimo cha mita 3,420 hivi, na kijiji kilicho upande wa pili wa mlima au bonde kutoka penye mnara hupata mawimbi dhaifu. Na jioni, watu wengi wanapotumia mnara mmoja, kila mtu hupata kidogo. Zaidi ya hayo, picha ya kawaida hula karibu GB 1 kwa saa moja, na picha safi sana huweza kula mara tatu ya hiyo. Marathoni huchukua zaidi ya saa mbili. Mtu aliyenunua bando la GB 1 atamwacha mkimbiaji wake njiani.

Ukuta wa nne ni wa mwenye mtandao. Alama yake ni kwamba ukurasa ule ule unafunguka nyumbani lakini haufunguki shuleni au ofisini. Msimamizi ameufunga kwa makusudi, ili mtandao ubaki kwa kazi iliyokusudiwa. Ukuta huu hauna dawa ila kutii, na sisi wa bweni tusiojaliwa kushika simu tusijisumbue nao.

Sasa tufanyeje? Dawa hufuata ugonjwa, kwa hiyo tazama alama kwanza, usikimbilie kwa fundi.

Ukizuiliwa na mkataba, tafuta mapema, siku mbili au tatu kabla ya mashindano, ni nani aliye na haki kwa Tanzania. Mara nyingi tovuti ya mashindano yenyewe huorodhesha watangazaji wa kila nchi. Pengine mwenye mashindano huyaonyesha mwenyewe katika nchi ambazo haki hazikununuliwa. Ikiwa mwenye haki ni kituo cha king'amuzi, watu kumi wakichanga, au wakienda kibanda umiza kilicholipiwa, gharama huwa ndogo kuliko bando. Ikiwa hapana aliyenunua, fuata mbio kwa maandishi: marathoni kubwa hutoa bure nyakati za kila mkimbiaji katika kila kilomita 5, na kurasa hizo hula MB chache tu.

Wapo watakaosema, "Tumia VPN." Hicho ni chombo kinachoificha namba yako ya anwani ili uonekane uko nchi nyingine. Kina kazi zake halali, kama vile mabenki kulinda habari zao. Lakini kukitumia kuvuka ukuta wa mkataba ni kuvunja masharti uliyoyakubali, na watangazaji wengi huzijua namba za VPN wakazifunga vile vile. Na hapa nchini, mwezi Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba wanaohitaji VPN hawana budi kujiandikisha. Zaidi ya hayo, VPN za bure zapasa kuogopwa, kwa kuwa kila ukifanyacho hupita mikononi mwa mwenye nazo.

Ukizuiliwa na mtandao, punguza ubora wa picha mpaka 360 au 240, zima programu nyingine zinazokula bando kisirisiri, na uhamie mahali palipoinuka panapoonana na mnara. Ukurasa ukikuomba namba ya simu na tarakimu za ujumbe ili kukuonyesha mchezo wa bure, ufunge. Namba ya siri ya fedha usimpe mtu yeyote. Na kama umekwisha kukatwa salio, piga 100 kwa kampuni yako ya simu uombe kuondolewa katika huduma hiyo. Nao ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040.

Liko jambo moja lisilo katika uwezo wa mwenye simu. Uingereza wana sheria inayotaja mashindano machache makubwa, kama Olimpiki na Kombe la Dunia, ambayo hayawezi kufungiwa kwa wenye kulipia peke yao. India nao wana sheria ya mwaka 2007 inayomtaka mwenye haki kushirikisha kituo cha taifa katika mashindano yenye umuhimu kwa taifa. Mimi naona yafaa vituo vyetu vikumbuke mbio kama vinavyokumbuka mpira. Tarehe 15 Septemba, 2025, Alphonce Simbu, wa mkoa jirani wa Singida, alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa saa 2:09:48 wote wawili, wakatenganishwa na sehemu 3 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Jambo kama hilo halitoshi kusimuliwa. Hutazamwa kwa macho.

Likizo iliyopita nilimweleza Mjomba habari hizi zote, na nikakiri kwamba simu haikuwa mbovu. Nikamrudishia shilingi 13,000 nilizopata kwa kuuza vitunguu saumu. Alizipokea, akazihesabu, akanirudishia 3,000. "Hizi ni za bando," akasema. "Geay akikimbia tena, unitafutie mapema nani ana haki."

Nimekwisha anza kutafuta.